Kozi ya ibada bila mabavu: nimemaliza wiki zote nane, haya ndo maoni yangu (nyota 4)

Jamani nimemaliza ile kozi ya mtandaoni ya kutotumia nguvu katika ibada na theolojia ya Kikristo, wiki nane nzima bila kuruka hata kipindi kimoja, na kwa kuwa kabla ya kujiunga nilitafuta sana maoni ya mtu aliyeisoma nikakosa, nimeona niandike mwenyewe, maana najua kuna walimu wa kwaya na wainjilisti na watu wa shule ya Jumapili wanaojiuliza kama inafaa. Jina la waandaaji sitaliweka kwa sababu kuna jambo moja humu limeniuma na sitaki ionekane nachafua watu, nataka tu yule anayefikiria kujiunga ajue anaingia wapi.

Mimi ni mwalimu wa kwaya, mwaka wa 11 sasa. Theolojia sijasomea. Nilijiunga kwa sababu nilichoka kuhubiri amani kwenye mazoezi halafu watu wanatoka hapo hawaongei.

Mpangilio uko hivi, kila wiki vidio mbili za kama dakika 40, kitini cha kusoma, kikao cha Zoom Alhamisi mkiwa watu ishirini hivi, na zoezi la kwenda kufanya na watu wako. Vidio ziko safi, sauti inasikika. Kitini cha Kiswahili ndo kina shida, nitakisema baadaye.

Wiki ya kwanza wanaanza na upanga wa Petro pale bustanini, usiku ule Yesu anakamatwa. Nilikuwa najua habari ya sikio lakini sikuwahi kuweka injili nne pembeni pembeni nikasoma, kumbe zote nne zinasema sikio lilikatwa, ila ni Yohana peke yake anayetaja kwamba aliyekata ni Petro na aliyekatwa anaitwa Malko, na ni Luka peke yake anayesema Yesu aligusa lile sikio akaliponya. Yaani uponyaji wa mwisho kabla ya msalaba anapewa mtu aliyekuja kwenye msafara wa kumkamata. Mwalimu akatulia hapo, hakukimbilia mbele, akatuambia tusome tena polepole, na nakwambia kile kipande nilikirudia mara tatu usiku ule. Halafu ndo akaingia kwa Tertuliano, mwandishi Mkristo wa zamani wa Afrika Kaskazini, aliyesema kwamba Bwana alipomvua Petro upanga alikuwa amemvua kila askari. Tukaja kwa Maksimiliano, kijana wa miaka 21, mwaka 295, huko huko Afrika Kaskazini, baba yake mwenyewe mtu wa jeshi, anapelekwa kuandikishwa, anapimwa urefu, anakataa kuvaa alama ya jeshi shingoni kwa kuwa tayari ana alama ya Kristo, akauawa kwa upanga.

Kilichonifanya niwaamini ni kwamba hawakuficha upande wa pili. Walisema wazi Wakristo walikuwepo jeshini tangu karne ya 2, na kwamba baada ya Konstantino, mfalme wa Rumi aliyeupokea Ukristo, mambo yaligeuka, na Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini, alipokubali kwamba vita fulani vinaweza kuwa vya haki hakuandika kama mtu anayeshangilia damu, aliandika kwa majonzi. Na nilikuwa sijui kabisa kwamba Basili, askofu wa Kaisaria, karne ya 4, alishauri askari waliotoka vitani mikono ikiwa imemwaga damu wakae miaka 3 bila kushiriki Meza ya Bwana. Hakuwaita wauaji, ila alitaka wapate muda. Hilo lilinigusa, maana siku hizi mtu anatoka kumdhulumu jirani Jumamosi na Jumapili yuko mstari wa mbele.

Wiki ya pili ni shavu, yaani lile neno la Yesu kwamba ukipigwa shavu moja umgeuzie na la pili. Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndo wiki bora na ndo wiki iliyoniumiza.

Zoezi lenyewe ni hili, mwalimu alisema kila mtu amwite mtu wa nyumbani asimame mbele yake. Nikamwita mdogo wangu. Akasema sasa inua mkono wa kulia, polepole, kama unataka kumpiga kofi shavu la KULIA, usitumie mkono wa kushoto. Jaribu na wewe unayesoma. Kiganja hakifiki. Mkono unajigeuza wenyewe, unajikuta unampiga kwa mgongo wa kiganja. Mdogo wangu akasema hiyo ni kofi ya kumfukuza mtu. Na ndo hoja yenyewe, Mathayo ameandika shavu la kuume, na kofi la namna ile ni la bwana kwa mtumwa, la mkubwa kwa mdogo, lengo lake ni kukushusha zaidi ya kukuumiza. Ukimgeuzia la pili, ule mgongo wa kiganja haupati tena nafasi, inabidi akupige kama anavyopigana na mtu wa saizi yake au aache. Haya ni maelezo ya Walter Wink, mwanatheolojia wa Marekani aliyefariki 2012, na mwalimu alisema si wataalamu wote wanaomkubali, ila mimi tangu siku ile nikisikia mtu anasema Yesu alifundisha Mkristo awe zulia la kukanyagwa nanyanyua mkono namwonyesha.

Halafu wakatupeleka Yohana 18, Yesu mwenyewe mbele ya kuhani mkuu, mtumishi anampiga kofi. Je aligeuza shavu akanyamaza? Hapana, aliuliza. Kama nimesema vibaya onyesha huo ubaya, na kama nimesema vema kwa nini unanipiga? Hakurudisha kofi na hakunyamaza, vyote viwili kwa pamoja. Mimi nimesoma Biblia tangu utotoni na sikuwahi kuunganisha hizo sehemu mbili.

Sasa ndo hapo. Kikao cha Alhamisi ile, wakati watu wanatoa maoni, dada mmoja akaandika kwenye meseji za pembeni. Aliandika maneno machache sana. Kwamba yeye anapigwa nyumbani, kwamba aliyemwambia ageuze shavu la pili ni kiongozi wake wa kiroho, na kwamba anaomba kujua afanye nini. Tuliiona wote. Mwalimu akaisoma kwa sauti, akasema asante dada kwa kushiriki, hilo ni swali zito, tutalirudia wiki ya 7. Akaendelea na slaidi.

Wiki ya SABA. Mtu amekuuliza afanye nini leo usiku.

Baadhi yetu tulimwandikia pembeni, mwingine akampa namba ya watu wa msaada, lakini kwenye kikao chenyewe hakuna kilichosemwa, na yule dada wiki ya nne hakuonekana tena. Sijui kama alichoka au vipi, na sitaki kukisia. Ninachosema ni kwamba mafundisho ya kutotumia nguvu yana mlango huo mmoja ambao wapigaji wanaingilia kila siku, na mwalimu yeyote anayefungua somo la shavu anatakiwa ausimamie huo mlango dakika ile ile, asiseme tutarudi.

Na kinachouma zaidi ni kwamba wiki ya saba ilipofika, somo lilikuwa ZURI. Zuri sana. Walitumia Daudi na mfalme Sauli, 1 Samweli 19, Daudi anampigia kinubi, Sauli anatupa mkuki, Daudi anaukwepa unapiga ukuta, na usiku ule ule Daudi anatoroka. Mwalimu akasema angalieni, Daudi hakuuchomoa ule mkuki ukutani akamrudishia, na baadaye pangoni alikuwa na nafasi ya kumuua mfalme akakata upindo wa vazi tu, lakini pia hakukaa pale pale kwenye kiti na kinubi chake kusubiri mkuki wa pili. Aliondoka, na mkewe Mikali alimsaidia kutokea dirishani. Wakaongeza Luka 4, watu wa Nazareti wanataka kumtupa Yesu kwenye ukingo wa kilima, naye anapita katikati yao anaenda zake. Kwa hiyo kuondoka ni kutotumia nguvu. Kuripoti ni kutotumia nguvu. Kusamehe hakumrudishii mtu ufunguo wa nyumba. Haya yote yalisemwa, vizuri, kwa upole, kwa wiki ambayo aliyeyahitaji alishaondoka. Ndo maana nyota ya tano nimeinyima.

Turudi nyuma, wiki ya 3 na ya 4 ni msalaba. Hizi jiandae, ni nzito, chukua daftari. Wanaanza na Anselmo, mwanatheolojia wa mwishoni mwa karne ya 11, aliyeeleza kifo cha Kristo kama malipo ya heshima ya Mungu iliyovunjwa, wanaonyesha jinsi wanamatengenezo, yaani Waprotestanti wa kwanza, baadaye walivyosogeza hesabu ile kutoka heshima kwenda adhabu, na jinsi sisi wahubiri wa kawaida tulivyoishia na picha ya Baba mwenye hasira anayempiga Mwana ili atulie. Halafu wanakuletea Gustaf Aulén, Mswidi, aliyekumbusha watu mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwamba mababa wa kanisa wa kwanza waliuona msalaba zaidi kama ushindi dhidi ya dhambi, mauti na Ibilisi, na René Girard, Mfaransa, aliyesema injili zinafichua ile tabia ya binadamu ya kutafuta mtu mmoja wa kubebeshwa makosa ya wote ili wengine wapate amani ya uongo. Mbuzi wa Azazeli, kwa lugha ya kitabu cha Walawi, yule anayebebeshwa dhambi za watu na kupelekwa jangwani. Kayafa kuhani mkuu anasema wazi kabisa kwenye Yohana 11, afadhali mtu mmoja afe.

Hapa kidogo sikubaliani nao. Mwalimu wa wiki ya nne alitaka kama tuache kabisa kusema Kristo alikufa badala yetu, na mimi Isaya 53 siwezi kuifunga, adhabu ya amani yetu ilikuwa juu yake, iko pale, na watu wengi wamefia kwenye faraja ya neno hilo. Ila nakubali kwamba tunavyolihubiri tumelikosea. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nafundisha watoto Ijumaa Kuu, katoto kamoja kakaniuliza, kwa hiyo Mungu alikasirika mpaka akamuua mtoto wake? Nikasema tuimbe. Kweli, nilisema tuimbe kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ningekaa chini nimwambie waliomuua ni watu, watu wa dini na watu wa serikali wakisaidiana, na Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake, 2 Wakorintho 5, hakuwa upande wa wenye misumari. Kwa hilo jibu peke yake kozi nzima imenilipa.

Wiki ya tano, nyimbo. Walimu wa kwaya mkiwa na haraka anzeni hapa. Zoezi ni kuchukua nyimbo zote mlizoimba miezi mitatu iliyopita na penseli, weka alama kila penye silaha, kila penye adui, kila penye kukanyaga na kuponda. Zangu zilikuwa 41. Nilikaa mezani nikapiga alama mpaka penseli ikaisha ncha, nyimbo 17 zina vita, na katika hizo 17 ni nne tu zinazosema adui ni nani. Hizo nyingine adui yuko tu, hewani, kila mtu anamjaza mwenyewe. Nikakumbuka Jumapili moja dada wa sauti ya kwanza anaimba kile kipande cha adui huku kamkodolea macho mwenzake wa sauti ya pili, waligombana kwa ajili ya sare, na mimi nimesimama mbele naongoza kwa mikono miwili na nilikiona, nikaendelea kuhesabu tu.

Watu wakisikia hivi wanarukia Waefeso 6, silaha zote za Mungu. Kozi haiikwepi hiyo sura, inaisoma neno kwa neno. Kushindana kwetu si juu ya damu na nyama, ndo mstari unaotangulia silaha zenyewe. Na viatu vya yule askari ni utayari wa injili ya AMANI. Nilikuwa napita hapo kila mara kama mtu anayesoma orodha ya vifaa. Na Ufunuo 5, hii ilininyamazisha, mzee anamwambia Yohana usilie, tazama, Simba wa kabila la Yuda ameshinda, Yohana anageuka kutazama na anachokiona ni Mwana-Kondoo aliyesimama kana kwamba amechinjwa. Ameambiwa simba, ameona kondoo. Na simba harudi tena kwenye kitabu kile kama Kristo, Kondoo ndo anaendelea mpaka mwisho. Sisi kwaya yetu ina nyimbo za Simba sita na ya Mwana-Kondoo moja, tena ya Pasaka tu.

Hawakusema tufute nyimbo. Walisema badilisha mstari mmoja, au kabla ya kuimba taja adui kwa jina, chuki, ulafi, uongo, ili mtu asimjazie jirani yake. Nimejaribu. Wengine kwenye kwaya wamenuna, mmoja amesema namtoa Roho Mtakatifu kwenye nyimbo. Bado tunaongea naye.

Kuhusu kupeana amani kabla ya Meza ya Bwana, somo lilikuwa fupi ila lina nyama. Justino mfia dini, katikati ya karne ya 2, anaeleza Wakristo wakibusiana baada ya sala kabla mkate haujaletwa, na ile Didake, maandiko ya zamani kabisa ya kanisa, inakataza mtu mwenye ugomvi na mwenzake kuungana na wengine mpaka wapatane. Na Yesu mwenyewe anasema acha sadaka yako mbele ya madhabahu uende kwanza. Sisi tumeifanya dakika ya kusalimiana na marafiki. Mimi nimeomba kwetu muda uongezwe, watu watembee, na kweli Jumapili ya pili yule dada wa sauti ya kwanza alivuka njia ya katikati. Sikusikia walichoongea. Walishikana mikono muda mrefu kuliko wimbo tuliokuwa tunaimba, ikabidi nirudie kiitikio.

Wiki ya sita, Zaburi za laana, zile ambazo mtu anamwomba Mungu awaangamize adui zake, wameibana sana, dakika 20 tu, na mada hii ingestahili wiki mbili. Walitaja kwamba Kanisa Katoliki lilipotoa Sala za Vipindi mpya, kitabu cha sala za kila siku, mwaka 1971 liliziacha nje Zaburi 58, 83 na 109 na vipande vya nyingine, halafu mwalimu akasema yeye angeziacha ndani kwa kuwa aliyeonewa anapompelekea Mungu hasira yake yote, mkono wake unabaki mtupu. Nakubaliana naye. Tukiziondoa, wale wenye kilio cha namna hiyo wataenda kulilia wapi? Lakini alisema hilo akafunga, hakutufundisha namna ya kuziimba, na Zaburi 137 mstari wa mwisho, ule wa watoto kupigwa mwambani, hakuna aliyeugusa.

Wiki ya nane ni barabarani, yaani Wakristo waliopinga dhuluma bila silaha. Birmingham ya Marekani 1963, watu wa Martin Luther King kabla ya kuandamana kupinga ubaguzi walikuwa wanasaini kadi yenye ahadi kumi, na ya kwanza kabisa ni kutafakari kila siku mafundisho na maisha ya Yesu, kabla hata ya kutaja maandamano, na ndani yake pia kuna ahadi ya kujizuia na ukatili wa ngumi, wa ulimi na wa moyo. Kwa hiyo walifundishwa, walifanya mazoezi, waliimba kanisani usiku na usiku, haikuwa hasira ya ghafla. Leipzig, Ujerumani Mashariki ya wakati wa Wakomunisti, kanisa la Mtakatifu Nikolai, sala za amani kila Jumatatu saa 11 jioni tangu 1982, mwanzoni watu wachache tu, mpaka tarehe 9 Oktoba 1989 wakaandamana mjini watu kama 70,000, na mishumaa. Mshumaa ukiwaka nje unahitaji mikono miwili, mmoja wa kushika na mmoja wa kukinga upepo, jiwe utalishika na mkono gani? Na Óscar Romero, askofu mkuu wa El Salvador, Jumapili anawaomba askari kwa jina la Mungu waache kuua ndugu zao, kesho yake, 24 Machi 1980, anapigwa risasi akiwa anaadhimisha misa. Hapo kikao kilikaa kimya, na mwalimu hakukivunja.

Sasa kitini. Tafsiri ya Kiswahili imefanywa haraka. Sehemu kadhaa kutotumia nguvu wameandika "unyonge", na ukurasa mmoja wameandika "kutofanya chochote". Hilo si kosa dogo la uhariri, hilo linageuza somo zima, kwa sababu Yesu aliyeuliza kwa nini unanipiga hakuwa hafanyi chochote, na Daudi dirishani hakuwa mnyonge. Anayesoma kitini bila vidio atatoka na fundisho la kinyume. Kama unajiunga, tazama vidio kwanza, kitini kisome na penseli mkononi urekebishe.

Nani aichukue: walimu wa kwaya, wanaoongoza ibada, wanaofundisha watoto. Mtu ambaye yuko kwenye kipigo sasa hivi asianze na wiki ya pili, aanze ya saba, na kabla ya hata hiyo aongee na watu wa msaada na awe mahali salama.

Nimewaandikia waandaaji mambo mawili, kwamba somo la Daudi na mkuki liletwe wiki ya pili, kipindi kile kile cha shavu, na kwamba neno unyonge litoke kwenye kitini. Wamenijibu kwa adabu, wamesema tafsiri wanaipitia upya na kuhusu mpangilio wataangalia. Nimewauliza pia kama kuna aliyemtafuta yule dada. Hilo bado hawajajibu. Wakijibu nitarudi hapa niandike.